Kiti cha Bi Thomasin

Siku hizi mjini York, mtu akimkumbuka Bi Thomasin Ellerby husema, "Aa, yule fundi wa jeli wa nyumbani kwa Stainthorpe." Fundi wa jeli! Nikisikia hivyo damu hunichemka. Mimi Judith Garbutt nimepika katika nyumba ile miaka ishirini na saba, na anayetaka kubisha na aje tubishane. Thomasin hakuwa mtumishi. Alikuwa binti wa mchungaji, binamu wa Bwana Stainthorpe wa damu kabisa, na alipokuja kwetu alikuwa na kiti chake mezani pamoja na mabwana na mabibi. Nitasema jinsi alivyokipoteza kiti hicho. Sitasema kwa upole, maana upole wangu uliisha zamani.

Baba yake alikuwa na kanisa dogo kule juu nyikani, kwenye upepo na kondoo, watu wachache na sadaka chache zaidi. Mama alifariki Thomasin akiwa na miaka kumi na minne, na tangu siku hiyo ndiye aliyekaa kichwani mwa meza na kukata nyama. Msicheke. Kwetu anayeshika kisu mezani ndiye mwenye nyumba. Bata analetwa mzima, anawekwa mbele ya macho ya wageni wote, na hapo ndipo mtu anapojulikana kama amelelewa ama ameokotwa. Thomasin alijua kiungo cha kila mnyama na kila ndege, alikata bila kuinua kiwiko, na kila mgeni akapata kipande cha hadhi yake bila kuuliza. Nyama yenyewe ilikuwa kondoo mzee, lakini ilikatwa kiungwana.

Baba naye akafa. Mchungaji mpya akaitaka nyumba yake kabla kaburi la mwenzake halijaota nyasi, na Thomasin akabaki na sanduku moja na miaka ishirini na sita. Ndipo Bwana Stainthorpe alipomwandikia barua: njoo ukae nasi, utakuwa mmoja wetu. Nadhani Bwana aliandika kwa moyo mweupe. Shida ya Bwana ni kwamba moyo wake mweupe ulikuwa unamwomba mkewe ruhusa kwa kila jambo.

Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi Stainthorpe alikuwa mkarimu kidogo, alimpa wiki tatu. Wiki ya nne nikamwona binti mrefu, mwembamba, amesimama mlangoni mwa jiko langu, mikono ameikunja mbele.

"Bibi amenituma nikusaidie na vitamutamu," akasema.

"Jiko langu halina upungufu wa watu," nikamjibu, nikiendelea kunyonyoa kware.

"Najua."

"Basi rudi juu ukadarizi."

Hakusogea. "Bi Garbutt," akasema, "mimi nakula chakula cha watu na silipi. Nikitumwa, naenda. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nikamtupia aproni. Niseme kweli, sikumpenda. Sikupenda mtu wa juu aingie chini akaone ninavyoonja mchuzi kwa kidole. Lakini siku ileile nikagundua jambo ambalo lilinifunga mdomo: mikono yake ilikuwa ya baridi. Kiangazi, masika, tanuri zote tatu zikiwaka, mikono ile ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Asiyewahi kupika jeli haelewi. Unachemsha kwato za ndama nusu siku, unaengua mafuta, unatia divai na ndimu na ute wa mayai, unachuja kwa mfuko wa flaneli mara tatu mpaka iwe angavu kama maji. Unaimimina ndani ya kalibu ya shaba yenye umbo unalolitaka, unaiacha igande. Hayo yote nayaweza, na nawazidi wengi. Kazi ni kuitoa. Unazungushia kitambaa cha moto, unapindua juu ya sahani, unavuta pumzi, unamwomba Mungu. Mimi mikono yangu ni ya moto, mama yangu alikuwa hivyo, na jeli nikiigusa inaanza kutoa machozi. Thomasin alikuwa anaipindua kama mtu anavyovua kofia. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa anatengeneza kiota cha kuku chenye mayai ya maziwa ya lozi, na dimbwi la samaki, samaki weupe wanaogelea ndani ya jeli angavu, hadi wageni wanaogopa kuchovya kijiko. Mabibi wa York wakaanza kuzungumza. Na Bibi Stainthorpe akisifiwa alikuwa anainamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyekesha na zile kwato.

Basi maisha ya Thomasin yakawa mawili. Siku ya wageni alifanya kazi na mimi mpaka saa tisa na nusu. Hapo alivua aproni, akakimbia ngazi za nyuma, akavaa gauni lake la hariri ya kijivu, lile moja, na saa kumi kamili akashuka ngazi za mbele akaingia chumba cha kulia na wageni wengine.

"Anapanda mpishi, anashuka bibi," alikuwa akisema Obadiah Crake, mtumishi wetu wa mezani, mtu wa mdomo usiopumzika. "Zile ngazi za nyuma zina uganga. Na mimi nitazipanda kesho nishuke askofu."

"Utashuka punda," nikamwambia.

"Punda nimeshakuwa, bi mkubwa, sihitaji kupanda."

Siku moja nilimwuliza Thomasin, kwa nini unajitesa? Kaa hapa ule na mimi. Chakula ni kilekile, tena cha moto, huko juu kikifika kimeshapoa. Alikuwa anafunga kamba za viatu, akanijibu bila kuinua uso.

"Nikikosa kukaa pale siku moja, Bi Garbutt, siku ya pili watasahau kuweka sahani yangu. Na nikishakosa sahani pale, mimi ni nani?"

Sikumwelewa vizuri siku hiyo. Nilidhani ni majivuno ya binti wa mchungaji.

Na kiti chenyewe kilikuwa kiti gani? Kona ya mwisho, karibu na mlango, penye upepo. Kwetu vyakula vyote vya mkupuo mmoja huwekwa mezani pamoja, sahani kumi na mbili zimepangwa sawasawa, na mtu hula kilicho mbele yake. Ukitaka paja la paa lililo kichwani mwa meza, sharti umwombe jirani, naye amwombe jirani yake, na mwanamke asiye na kitu hasumbui majirani. Mbele ya Thomasin daima palikuwa na bakuli la tanipu za kuchemsha. Na divai vilevile. Mwanamke hajimiminii. Hunywa pale tu bwana mmoja anapomwita kwa jina na kumwomba heshima ya kunywa naye. Wanainua glasi, wanatazamana, wanainamisha vichwa. Wanawake wengine waliitwa mpaka mashavu yakawaka. Thomasin, miaka mitano ya mwanzo, aliitwa siku ya Krismasi peke yake, na aliyemwita ni Bwana Stainthorpe, tena baada ya Crake kukohoa nyuma ya kiti chake.

Mwaka wa sita, mwezi wa Novemba, tukawa na wageni kumi na sita na bata bukini wawili. Bwana Stainthorpe alikuwa na jongo la kifundo cha mkono, kisu hakishikiki. Bibi akasema, "Nitakata mimi." Loo! Bibi alikuwa anajua kila kitu isipokuwa kukata. Haya yote nimeyapata kwa Crake, aliyeshuka jikoni akiwa ameshika mbavu kwa kicheko.

"Amemdunga hapa," akatuonyesha, "akavuta huku, bata akaruka! Naapa, bi mkubwa, ameruka kama hai. Akatua mapajani mwa mke wa Kanali. Na mchuzi ukamfuata."

"Muongo wewe!"

"Kamwulize gauni lake. Bwana akasema, 'Thomasin, si ulikuwa unakata kwa baba yako?' Bi Thomasin akainuka, akaenda kule juu kabisa, akamshika yule wa pili. Dakika nne! Dakika nne bata amekwisha, kila mtu ana chake, hata tone halikudondoka. Mke wa Kanali kapewa kidari na pole. Na unajua nini? Mchungaji Brearley hakuondoa macho. Akaita divai. 'Bi Ellerby,' kasema kwa sauti, watu wote wasikie, 'utanipa heshima?'"

Huyo Mchungaji Brearley alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, mwenye parokia nzuri upande wa Thirsk, nyumba ya mawe yenye madirisha tisa mbele. Mtu mpole, mlaji mzuri, anayependa mambo yawe katika utaratibu wake. Alihitaji mke wa kukaa kichwani mwa meza yake, mwanamke asiyerusha bata. Wakati wa baridi ule alikula kwetu mara tatu zaidi, na kila mara alimwita Thomasin kwa divai. Mara ya tatu alimwita mara mbili. Kwetu hiyo si divai tena, hiyo ni barua ya uchumba.

Nikamsikia Thomasin akiimba akiponda lozi. Nilimwona siku nyingine amesimama na kisu mkononi, mbele yake hakuna nyama, anakata hewa polepole, kiwiko kimetulia. Nikajifanya sikuona.

Februari ikaja barua kwa Bwana: Mchungaji Brearley angefurahi kula nasi Alhamisi, na baada ya chakula angeomba maneno mawili na Bwana, faragha, kuhusu binamu yake. Bwana akaisoma kwa sauti akitabasamu. Crake alikuwa anamimina chai, kwa hiyo baada ya dakika tano jikoni tulijua wote.

"Nani atanitengenezea dimbwi la samaki sasa?" Bibi akasema pale pale, asema Crake. Hilo tu. Hakusema hongera.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo naingia mimi.

Mwezi mmoja kabla ya Alhamisi ile Thomasin alikuwa na homa, jeli nikaitoa mimi. Ikapasuka katikati, ikafika mezani imelala ubavu kama mlevi. Kesho yake Bibi akashuka, akasema mbele ya watu wangu wote kwamba York nzima inacheka, na kwamba rafiki yake mmoja amepata mpishi mwanamume, Mfaransa, na Wafaransa wengine wapo wanatafuta kazi. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na minane. Mpishi mwanamke wa umri huo akitolewa jikoni anaenda wapi? Kwa hiyo Alhamisi ile niliamka nikimwaza Mfaransa. Dimbwi la samaki lilikuwa kubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya, la kukaa katikati ya meza, na hali ya hewa ilikuwa imebadilika ghafla, theluji inayeyuka, jiko limejaa mvuke.

Meza ilipangwa kwa watu kumi na wanne. Saa tisa ikaja habari kwamba mke wa Kanali amevimba jino, hatoki. Wakabaki kumi na watatu. Na kumi na watatu mezani kwetu ni mwiko, mmoja wao atakufa kabla mwaka haujageuka, na Bibi Stainthorpe aliuamini mwiko huo kuliko alivyomwamini askofu.

Akashuka jikoni mwenyewe, gauni ameliinua lisiguse sakafu. Thomasin alikuwa ndani ya stoo ya baridi na ile kalibu, mlango umerudishwa. Alikuwa ameshapeleka hariri yake kupigwa pasi.

"Garbutt," Bibi akasema, "tumekuwa kumi na watatu. Ama nimtume Crake kwa Bwana Sowerby hapo jirani aje awe wa kumi na nne, au Thomasin abaki chini."

Bwana Sowerby alikuwa muuza dawa, mzee mwenye kunukia kafuri, ambaye angekuja mbio na kijiko chake mwenyewe. Ilikuwa hatua ishirini tu.

"Sipendi kumketisha Sowerby na watu wale," Bibi akaendelea. "Lakini sitaki lawama kwa Bwana. Niambie wewe. Unamhitaji Thomasin hapa, au humhitaji?"

Hivyo ndivyo alivyouliza. Aliniwekea kisu mkononi na kunigeuzia bata. Nilijua Mchungaji anakuja kwa ajili gani. Nilijua gauni liko kwenye pasi. Ningeweza kusema, "Simhitaji, bibi, mwache apande," halafu niitoe mwenyewe ile jeli, ipasuke, aje Mfaransa. Nilitazama mvuke ukitiririka ukutani.

"Namhitaji, bibi," nikasema. "Bila yeye samaki hawatoki."

"Basi imekwisha," Bibi akasema, na uso wake ukapata nafuu. Akapanda.

Nikaingia stoo. Thomasin alikuwa amesimama karibu na rafu, kalibu ameikumbatia kifuani.

"Bibi amesema ubaki," nikamwambia, nikitazama rafu. "Wamekuwa kumi na watatu. Ni mambo ya mwiko tu, unajua alivyo. Mchungaji atakuja siku nyingine."

"Haya," akasema.

Nilitegemea alie. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtuliza. Badala yake akaomba kitambaa cha moto, akazungushia, akahesabu kimoyomoyo, akapindua. Samaki tisa wakatoka bila mkwaruzo, wakalala katika maji yao, na hata mimi nisiye mwepesi wa sifa nikasema, "Mungu wangu, Thomasin." Hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Crake alikuwa akipanda na kushuka na kila mara ana neno, lakini siku hiyo maneno yake hayakuwa na kicheko. Mchungaji ameingia, ametazama kona. Ameuliza, "Bi Ellerby hajambo?" Bibi amejibu, na Crake alituigizia sauti yake yote, "Thomasin? Ooh, yuko jikoni, anakutengenezea kitu. Huko ndiko anakofurahi, maskini. Hatuwezi kumtoa."

"Naye akasemaje?" nikauliza.

"Akasema, 'Kumbe.' Halafu akakunjua kitambaa chake."

"Basi?"

"Basi. Kisha kamwita Bi Prowde, yule aliyekaa mbele yake, kwa divai."

Mnielewe, Brearley hakuwa mtu mbaya. Natamani angekuwa mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu tu, na aliambiwa kwamba mwanamke aliyetaka kumketisha kichwani mwa meza yake anakula jikoni. Mchungaji haoi jikoni. Wale wenye mashamba wa Thirsk wangesema nini? Aliila ile jeli mara mbili. Maneno mawili ya faragha na Bwana hayakusemwa, na Bwana hakuuliza, maana kuuliza kungemlazimu kujua.

Wageni wakiondoka huwaachia watumishi chochote mlangoni, ndiyo desturi. Crake akashuka na shilingi moja peke yake mkononi, ameishika kana kwamba imetoka motoni.

"Ya nani hiyo?" nikamwuliza.

"Kutoka kwa Mchungaji," akasema. "Amesema... ni ya aliyetengeneza samaki."

Akaiweka mezani. Thomasin alikuwa anaosha kalibu. Akajikausha mikono, akaja mpaka penye ile shilingi. Kisha akaisukuma kwa kidole mpaka upande wangu.

"Mpishi ni wewe, Bi Garbutt," akasema.

Na mimi nikaichukua! Nikaitia mfukoni kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Mchungaji Brearley alimwoa Bi Prowde Juni ile ile, mwanamke ambaye hata mkate ulimshinda kukata.

Mara iliyofuata watu mezani walikuwa kumi na wawili bila yeye. Bibi aliona meza ya kumi na wawili inakaa vizuri zaidi, na kwamba Thomasin mwenyewe, ati, hapendi kupanda. Sahani haikuwekwa. Hata familia ilipokula peke yake haikuwekwa. Hakuna aliyemfukuza, ingekuwa afadhali wamfukuze, angalau kungekuwa na kelele. Ukumbi wa watumishi nao haukumtaka. Watumishi wana vyeo vyao kuliko mabwana, nani akae juu ya nani, nani atangulie kwenye pudingi, na mlinzi wa ghala la divai akasema wazi, "Akikaa juu yangu nitaudhika, akikaa chini yangu Bwana ataudhika. Asikae." Crake peke yake alitaka kumpisha kiti chake, na yeye hakuwa na kiti cha maana.

Basi nikaondoa vibao vya kukatia upande mmoja wa meza yangu ya kazi, karibu na dirisha, nikamwekea sahani hapo mbele ya yangu. Miaka kumi na mmoja tulikula pale, mimi na yeye. Akaanza kuniita Judith. Alinisomea magazeti, alinichagulia uzi wa soksi zangu, alinicheka nilivyokuwa nikigombana na muuza samaki. Nilimwekea kila siku kipande kizuri, kipande cha juu, wala tanipu sikuziweka karibu naye. Nilijiambia, Judith, ulikosea, lakini umelipa. Mfaransa hakuja. Niliwaambia watu, yule ni rafiki yangu, sina rafiki mwingine kama yule, na ilikuwa kweli kwa upande wangu.

Bibi alimtumia Thomasin mpaka mwisho. Hata mwaka wa mwisho, kifua kikiwa kimeshambana, aliletewa kalibu kitandani ili aipindue, akaipindua.

Machi, siku moja adhuhuri, nilimpelekea mchuzi wa kuku kule chumbani kwake chini ya paa. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba haponi. Nikaona nisipolisema sasa nitabaki nalo. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Thomasin," nikasema, "siku ile ya samaki tisa. Bibi alitaka kumwita Sowerby. Aliniuliza kama nakuhitaji. Mimi ndiye niliyesema ubaki. Ni mimi. Nisamehe."

Machozi yalikuwa yananitoka, nasema kweli, na nilikuwa nangojea anishike mkono.

"Nilikuwa nyuma ya mlango, Judith," akasema. "Ule mlango ni mbao mbili tu. Nilisikia kila neno."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Nikapandwa na hasira. Hebu fikiri, mimi mkosaji ndiye niliyepandwa na hasira! "Miaka kumi na mmoja!" nikasema. "Unakula na mimi, unacheka na mimi, unaniita Judith, na kumbe unalijua! Kwa nini hukunitukana hata siku moja? Kwa nini hukunirushia hata kijiko?"

Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Juu walikuwa wameshaondoa sahani yangu," akasema. "Ningegombana na wewe pia, ningekula wapi?"

Kisha akaomba nimsogezee bakuli. Nikamsogezea, akala.